Lenzi za zamani kwenye kamera ya dijitali: mwongozo kamili wa kuzichagua, kuzifunga na kuzipigia picha

Wengi huanza kinyume. Wanaiona lenzi ya zamani inauzwa bei ya chee, wanainunua, halafu ndipo wanauliza kama itaingia kwenye kamera yao. Pengine inaingia bila shida. Pengine haiingii kabisa. Na pengine inaingia vizuri lakini inakataa kufokasi kitu chochote kilicho mbali zaidi ya mita chache, na mnunuzi anadhani ameuziwa kitu kibovu. Jibu la yote hayo limo kwenye bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa hiyo tutaanzia hapo, na lenzi itafuata.

Lenzi ninazozungumzia ni zile za kamera za filamu, hasa za miaka ya 1950 hadi 1980. Zina pete ya kufokasi na pete ya tundu la mwanga. Hazina mota wala chipu. Za milimita 50 (namba inayoonyesha lenzi inavuta kiasi gani; ikiwa ndogo lenzi huona upana zaidi) ndizo nyingi zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi kamera mpya iliuzwa pamoja na lenzi ya ukubwa huo. Muundo wake wa vioo sita au saba haujachakaa: hata leo lenzi nyingi za bei nafuu za milimita 50 zimejengwa kwa msingi uleule. Kinachopungua ni urahisi. Kama mkate wako unatokana na harusi, mpira au watoto wanaokimbia, baki na lenzi ya kisasa inayojifokasi yenyewe. Lenzi ya mkono inafaa picha za watu waliotulia, bidhaa, chakula, majengo, mitaa na video.

Hatua ya 1: Ijue bodi yako

Kila kamera inayobadilishwa lenzi ina umbali maalumu kati ya uso wa chuma unaofungiwa lenzi, uitwao maunti, na sensa iliyo ndani. Nitauita umbali wa maunti. Lenzi nayo imetengenezwa ikitarajia umbali fulani, kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Ukiiweka mbali na sensa kuliko inavyotarajia, itaona vizuri vitu vya karibu tu. Mnara wa simu kule mwisho wa mtaa na mwezi angani havitakaa sawa hata uizungushe pete mpaka mwisho.

Adapta inaweza kuongeza umbali. Haiwezi kuupunguza. Kanuni nzima ni hiyo: umbali wa lenzi lazima uwe mkubwa kuliko wa bodi, na tofauti iliyobaki ndiyo unene wa adapta.

Namba za kukumbuka, kwa jina la kila maunti, ni hizi. Upande wa lenzi: Konica AR milimita 40.5, Canon FD 42, Minolta SR (ambayo wengi huiita MD) 43.5, M42 na Pentax K zote 45.46, Contax/Yashica 45.5, Olympus OM 46, Nikon F 46.5. Upande wa bodi: Nikon Z 16, Fujifilm X 17.7, Sony E 18, Micro Four Thirds 19.25, Canon RF na maunti ya L 20, Canon EF 44, Nikon F 46.5.

Ukizitazama vizuri utaona mambo matatu yanajipanga yenyewe.

Kamera zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi picha (mirrorless), yaani Sony E, Fujifilm X, Canon RF, Nikon Z na wenzao, zinapokea karibu kila kitu. Kati ya M42 na Sony E kuna milimita 27.46 za nafasi, na nafasi hiyo inajazwa na bomba la chuma lisilo na kioo chochote ndani. Kama bado hujanunua bodi na unataka mchezo huu, nunua moja ya hizi, hata ya zamani iliyotumika. Sony a6000 ya mwaka 2014 bado inafanya kazi hii vizuri sana.

DSLR, yaani kamera zenye kioo cha ndani kinachoakisi picha kwenda kwenye dirisha la kutazamia, zikiwa za Canon zina milimita 44. Zinapokea M42, Nikon F, Olympus OM na Contax/Yashica kwa adapta nyembamba kama sarafu. Hazipokei Canon FD wala Minolta bila adapta yenye kioo ndani, na adapta hizo huharibu picha kiasi kwamba ni afadhali uache. Ndiyo, lenzi za zamani za Canon yenyewe hazikai kwenye DSLR za Canon, kwa sababu kampuni ilibadili maunti mwaka 1987 ilipoanzisha EOS.

DSLR za Nikon ndizo ngumu. Umbali wa 46.5 ni mkubwa kuliko wa karibu lenzi zote za wengine, kwa hiyo hata M42 inakosa milimita moja na ushei na haifiki mbali. Faraja yake ni kwamba maunti ya Nikon F ipo tangu 1959, na Nikkor (lenzi za Nikon yenyewe) nyingi za mkono zinaingia bila adapta yoyote. Angalizo moja tu, na ni kubwa: lenzi za kabla ya 1977, zilizotoka kabla ya mfumo uitwao AI, zinaweza kuvunja kidude kidogo kilicho pembezoni mwa maunti kwenye bodi nyingi. Soma kitabu cha bodi yako kabla ya kulazimisha. Za AI na AI-S hazina tatizo hilo.

Wenye Pentax wanajua wamebahatika. M42 na Pentax K zina umbali sawa, na Pentax yenyewe ilitengeneza pete ya chuma ya kuziunganisha.

Hatua ya 2: Chagua lenzi ya kwanza

Ya kwanza iwe ya milimita 50, 55 au 58, yenye tundu la f/1.7, f/1.8 au f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Usikimbilie f/1.4, ni ghali zaidi, na ikifunguliwa yote picha yake hulegea. Usikimbilie pia lenzi pana. Lenzi pana za zamani ndizo zilizopitwa na wakati kuliko zote: pembe zake hazikazi, na kwenye sensa ndogo upana wenyewe unapotea. Kumbuka hesabu ya sensa zilizo ndogo kuliko fremu ya filamu: kwenye APS-C ya Sony, Nikon na Fujifilm zidisha kwa 1.5, kwenye APS-C ya Canon zidisha kwa 1.6, kwenye Micro Four Thirds zidisha kwa 2. Kwa hiyo 50 inakuwa kama 75, 80 au 100. Ni nzuri kwa sura za watu, ngumu ndani ya chumba kidogo. Lenzi ya 28 kwenye APS-C ya Sony huona kama 42, yaani ya kawaida kabisa.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni Helios 44-2, ya milimita 58 na f/2. Ni ya Kisovieti, yenye skrubu ya M42, ilikuja na kamera za Zenit, na muundo wake umechukuliwa kutoka Biotar ya Zeiss. Ilitengenezwa kwa wingi mno, kwenye kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow na pia Valdai na Minsk, ndiyo maana haijawahi kuwa adimu. Ubora hutofautiana kati ya moja na nyingine, jambo lisilokosekana kwenye kitu kilichotoka viwanda vitatu.

Sifa yake mitandaoni ni mandhari ya nyuma inayozunguka kama kimbunga. Ipo kweli, lakini haiji yenyewe. Inataka f/2, mtu akae mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwako, na nyuma yake, mita kadhaa zaidi, pawe na majani yanayopenyeza mwanga: mwembe, mkorosho, ua wa michongoma. Tena mzunguko huo unatokea pembezoni mwa picha. Sensa ya APS-C inakata pembezoni, kwa hiyo utaona nusu ya kile ulichokiona kwenye picha za watu wenye fulu-fremu, yaani sensa yenye ukubwa wa fremu ya filamu. Usiilaumu lenzi.

Nyingine za kufikiria: Super-Takumar ya 55 f/1.8 ya Pentax, ambayo kwa maoni yangu imeundwa vizuri kuliko zote za bei yake, ukiizungusha pete utaelewa. Pentacon 50 f/1.8 ya Ujerumani Mashariki, inayofokasi karibu sana, sentimita 33 tu. Minolta Rokkor 50 f/1.7 kwa wenye kamera zisizo na kioo. Nikkor 50 f/1.8 kwa wenye Nikon. Baadhi ya Takumar, hasa ile ya 50 f/1.4 yenye vioo saba, zina kioo chenye thoriamu ambacho baada ya miaka hugeuka manjano. Ukiiona ya rangi ya chai usiikatae. Iache dirishani ipigwe na jua kwa siku kadhaa bila kifuniko, nayo hung'aa tena. Mionzi yake ni hafifu na haidhuru mpigapicha. Usikisage tu wala kukipasua kioo chenyewe. Na usiielekeze lenzi iliyo wazi mahali ambapo jua likipita ndani yake litaangukia pazia au karatasi. Kioo kinachokusanya mwanga kinachoma.

Kabla ya kutafuta mtandaoni, uliza nyumbani na kwa jamaa. Kamera za mzee aliyekuwa na studio au aliyerudi nayo kutoka masomoni nje bado zimelala kabatini kwenye nyumba nyingi. Hakikisha tu lenzi inatoka. Kamera kama Yashica Electro 35 ni nzuri kuitazama, lakini lenzi yake imeungwa na bodi moja kwa moja na haitakusaidia hapa.

Hatua ya 3: Ikague kwa tochi ya simu

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, tazama upande wa pili kwa mshazari, kisha geuza. Zungusha lenzi polepole ili kila kioo kipate zamu yake ya kuonekana.

Vumbi kidogo ndani ni kawaida na halionekani kwenye picha. Mkwaruzo mmoja kwenye kioo cha mbele pia haubadilishi kitu cha maana. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni jambo jingine, kwa sababu uko karibu na sensa na unaonekana. Kuvu hujitokeza kama nyuzi nyembamba zinazotawanyika, mfano wa mizizi au utando wa buibui. Kuvu changa ya pembeni fundi anaweza kuisafisha. Iliyokaa miaka huwa imeshakula rangi ya kinga ya kioo, na alama hiyo haitoki. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam hili si jambo la kinadharia.

Hatari zaidi ni utando mweupe, kwa sababu haujitangazi. Kioo kinaonekana safi ukikitazama juu juu, lakini ukiwasha tochi kinang'aa chote kwa weupe hafifu, kama pumzi kwenye dirisha. Lenzi hiyo itatoa picha zilizofifia kila mahali. Muuzaji akikupa picha za lenzi zilizopigwa mchana tu, omba zilizopigwa kwa tochi. Akikataa, achana naye.

Sasa mikono. Zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho: inatakiwa iende kwa uzito ulio sawa njia nzima. Nzito sana maana yake grisi imekauka. Inayopwaya maana yake grisi imekwisha au kuna kilicholegea. Kisha tazama vibapa vya tundu unapolifungua na kulifunga. Mafuta juu ya vibapa ni ugonjwa wa kawaida wa lenzi za umri huu. Kwenye Helios 44-2 si kitu cha kukukosesha usingizi, maana unavisogeza mwenyewe kwa pete. Kwenye lenzi yenye kipini cha kufunga tundu kiotomatiki, mafuta yanavifanya vichelewe au vigome. Bonyeza kipini hicho kwa kidole uone kama vinaruka papo hapo.

Ukinunua nje ya nchi, hesabu usafiri na ushuru kabla ya kufurahia bei. Mara nyingi vitu hivyo viwili vinazidi bei ya lenzi yenyewe.

Hatua ya 4: Adapta

Nunua adapta ya chuma, ya lenzi moja na bodi moja, isiyo na kioo ndani. Ya bei ya kati inatosha. Zile za bei ya kutupa huwa na mambo mawili: zinacheza zikifungwa, au unene wake umekosewa. Ikiwa nene kupita kiasi lenzi haifiki mbali. Ikiwa nyembamba kidogo lenzi inapita alama ya mbali, na hilo linavumilika, ila alama za mita zilizochongwa kwenye pete hazitasema kweli tena.

Kwa M42 kuna swali la kipini. Lenzi nyingi za baadaye zina kipini kidogo nyuma kinachofunga tundu wakati wa kupiga. Kama lenzi ina swichi yenye herufi A na M, weka M na adapta yoyote itafaa. Kama haina swichi, tafuta adapta yenye ukingo wa ndani unaokibonyeza kipini muda wote. Bila ukingo huo tundu litabaki wazi hata ukizungusha pete mpaka f/16. Helios 44-2 haina kipini, kwa hiyo hilo halikuhusu.

Kwa DSLR za Canon zipo adapta zenye chipu inayofanya kamera ipige mlio fokasi inapokaa. Inasaidia kiasi. Wenye Canon za fulu-fremu wajihadhari na kitu kingine: baadhi ya lenzi za M42 zina sehemu ya nyuma inayotokeza, na kioo cha kamera kinaweza kuigonga lenzi ikifokasiwa mbali. Piga picha ya kwanza lenzi ikiwa kwenye umbali wa karibu kabisa, halafu sogea mbali hatua kwa hatua ukisikiliza. Bodi za APS-C zina kioo kidogo na mara nyingi hazisumbui.

Wenye APS-C zisizo na kioo wana chaguo jingine: adapta yenye vioo vya kubana picha, maarufu tangu kampuni ya Metabones ilipotoa Speed Booster mwaka 2013. Hii ni tofauti na vile vioo vibaya nilivyovikataa juu. Ya 0.71 inaifanya Helios ya 58 f/2 iwe kama 41 f/1.4, na ukizidisha kwa 1.5 unarudi karibu 62, yaani sura inayokaribia ile ya fulu-fremu, na kile kimbunga cha pembezoni kinarudi nacho. Bei yake inaweza kuzidi lenzi tatu. Anza na bomba tupu.

Funga adapta kwenye lenzi kwanza, kisha vyote viwili kwenye kamera. M42 ni skrubu yenye upana wa milimita 42. Ingiza kwa vidole viwili, taratibu, na ikikwama mwanzoni rudi nyuma uanze upya, usilazimishe. Jaribu papo hapo: elekeza kwenye kitu kilicho mbali sana, fungua tundu lote, kuza picha kwenye skrini, na uone kama kinakaza kabla au kwenye mwisho wa pete.

Hatua ya 5: Menyu za kamera

Kamera isiyo na kioo ikifungwa lenzi isiyo na chipu hudhani haina lenzi, na inakataa kupiga. Tafuta kwenye menyu kipengele kinachoitwa "Release w/o Lens" kwenye Sony, "Shoot Without Lens" kwenye Fujifilm, au "Release shutter w/o lens" kwenye Canon RF, ukiruhusu. DSLR za Canon hazihitaji hili. Zitaonyesha tu f ikiwa 00.

Tumia hali ya A, ambayo Canon huiita Av. Wewe unachagua tundu kwa pete, kamera inachagua kasi ya shata kulingana na mwanga unaoingia. ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, iache kiotomatiki, lakini iwekee kasi ya chini ya shata, 1/125 kwa kuanzia. Ukiacha kamera iamue, nyingi zitashuka mpaka 1/60 au chini, na picha zitatikisika.

Kama bodi ina kituliza mtikisiko ndani, haijui lenzi ni ya milimita ngapi. Iambie: andika 58, au namba ya karibu iliyopo. Namba isiyo sahihi huifanya isahihishe kupita kiasi au pungufu, na ukibadili lenzi ubadili na namba.

Kisha washa rangi ya kingo, ule mfumo unaopaka nyekundu au njano mahali palipokaa kwenye fokasi, na upangie kitufe kimoja kiwe cha kukuza picha. Weka rangi kwenye kiwango cha chini. Cha juu hupaka kila kitu na kukudanganya. Kuna ujanja ninaoupenda: piga RAW (faili ghafi la kamera), kisha weka mtindo wa picha kuwa nyeusi na nyeupe. Skrini inakuwa ya kijivu na ile nyekundu inaonekana waziwazi, huku faili la RAW likibaki na rangi zake zote.

Wenye Nikon ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 wana kazi ya ziada, kwa sababu bodi hizo hazipimi mwanga na lenzi isiyo na chipu. Weka hali ya M, ambayo unachagua kila kitu mwenyewe. Adhuhuri ya jua kali tumia kanuni ya f/16: kasi ya shata iwe sawa na ISO. ISO 200 maana yake 1/200 kwa f/16, au 1/800 kwa f/8. Mawingu mepesi, fungua hatua moja. Piga, tazama grafu ya mwanga, rekebisha. Bodi za D7000 na kuendelea, isipokuwa D7500, zinapima, mradi uandike urefu wa lenzi na tundu lake kubwa kwenye menyu ya lenzi zisizo na chipu.

Hatua ya 6: Kupiga

Mpangilio ni mmoja: fungua tundu, fokasi, funga tundu, piga. Unafungua kwanza kwa sababu tundu likiwa wazi ukanda wa ukali ni mwembamba na unaona wazi mahali ulipo. Helios 44-2 ina pete mbili kwa kazi hii. Ya kwanza ina mibofyo na inaweka mpaka, tuseme f/4. Ya pili ni laini na inatembea kati ya f/2 na mpaka uliouweka. Unafokasi ikiwa wazi, unaizungusha ya pili mpaka igote bila kuondoa jicho, unapiga. Pete hiyo isiyo na mibofyo ndiyo inayowafurahisha watu wa video, kwa kuwa mwanga unabadilika bila kuruka wala kelele.

Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, Helios kwenye f/2 na fulu-fremu ina ukanda mkali wa kama sentimita 8 tu. Kwenye APS-C ni karibu sentimita 5. Mtu akipumua na wewe ukipumua, mmeshatoka. Kwa hiyo fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, kuza picha uhakikishe, rudisha picha nzima, kisha jisogeze mbele na nyuma kwa kiuno kidogo sana huku ukipiga picha tatu nne. Mwili unasahihisha haraka kuliko pete. Na ukianza, anza na f/2.8, tofauti ya ukali na f/2 ni kubwa na mandhari ya nyuma bado inayeyuka.

Wenye DSLR wasiamini sana dirisha la kutazamia. Vioo vya dirisha hilo kwenye kamera za kisasa vimetengenezwa kwa lenzi za kujifokasi, na havionyeshi wembamba halisi wa f/2 au f/1.8, picha inaonekana kali dirishani na imelegea kwenye kompyuta. Tumia skrini ya nyuma na uikuze. Juani jifunike kwa kanga au koti kichwani. Watu watacheka, picha itakaa sawa.

Mtaani, sokoni au kituo cha daladala hakuna muda wa kukuza chochote. Hapo tumia alama za mita. Chukua lenzi ya 35 kwenye fulu-fremu, f/8, weka pete kwenye mita 5: kila kitu kuanzia mita 2.5 hadi mwisho wa macho kitakuwa kikali vya kutosha. Mistari iliyochongwa pembeni mwa alama ya umbali ndiyo inayokuonyesha ukanda huo kwa kila tundu. Ilihesabiwa kwa filamu. Ukiwa na APS-C, piga kwa f/8 lakini soma mistari ya f/5.6.

Jua ni adui wa lenzi hizi kuliko za kisasa, kwa kuwa rangi zake za kinga ni hafifu, na kwenye nyingi ni tabaka moja tu. Taa au jua likiingia pembeni, weusi unageuka kijivu na picha nzima inafifia. Kofia ya lenzi ya mpira, ya skrubu ya milimita 49 kwa Helios, inarekebisha sehemu kubwa ya tatizo. Kiganja juu ya lenzi kinafanya kazi hiyohiyo bure. Makuti ya mnazi dhidi ya anga jeupe yatakupa kingo za zambarau kwenye f/2. Funga mpaka f/4 zinapungua sana, na zilizobaki programu ya kuhariri inaziondoa. Kwenye RAW ongeza kina cha weusi kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Mara nyingi picha haihitaji zaidi ya hapo.

Kamera haitaandika tundu ulilotumia. Ukitaka kujifunza tabia ya lenzi yako, piga kitu kimoja kwa mfuatano uleule kila mara, f/2, 2.8, 4, 5.6, 8, nawe utajua kwa mpangilio ipi ni ipi.

Utunzaji, hasa pwani

Kuvu hupenda giza, joto na unyevu, na kabati la nguo la nyumba ya pwani lina vyote vitatu. Weka lenzi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli, na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikijaa maji ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo, au ibadilishe. Mifuko ya ngozi iliyokuja na kamera za zamani ni mizuri kwa mapambo tu, maana ngozi inashika unyevu na kuvu hukaa humo. Zaidi ya yote, zitumie. Lenzi inayotoka nje kila wiki haipati kuvu kirahisi.

Usafi wa nje ni kipulizio, kisha kitambaa laini chenye tone la dawa ya lenzi, dawa ikiwa kwenye kitambaa na si kwenye kioo. Usinyunyizie mafuta ya kulainishia vyuma kwenye pete nzito; yatatiririka mpaka kwenye vibapa na vioo. Sensa nayo itapata vumbi zaidi kuliko ulivyozoea, kwa kuwa unabadili lenzi mara nyingi na adapta hazizibi vumbi, basi puliza ndani ya adapta kabla ya kuifunga.

Grisi ikikauka, mpe fundi anayezijua lenzi za mkono. Mwambie aweke alama kwenye skrubu za fokasi kabla ya kuzitenganisha, kwa sababu zina nafasi kadhaa za kuingilia na ni moja tu inayorudisha umbali sahihi. Nenda kuichukua ukiwa na kamera na adapta yako, na usilipe kabla hujafokasi kitu cha mbali ukiwa mlangoni kwake.